Kusafiri China na mtoto mliyemwasili juzi tu: niulizeni, na wenye uzoefu mchangie

Mama Duluti (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za leo.

Tangu nigusie kwenye uzi mwingine kwamba binti yetu tulimwasili kutoka China, yaani tulimchukua kisheria awe mwanetu, nimekuwa nikiulizwa pembeni maswali yaleyale. Nayajibu hapa wazi, wengi wafaidike.

Nitangulize lililo zito. China haitoi tena watoto kwa wageni. Septemba 2024 msemaji wa Wizara yao ya Mambo ya Nje, Mao Ning, alitangaza kwamba mpango umefungwa, isipokuwa kwa mgeni anayemwasili mtoto wa ndugu yake wa damu ndani ya vizazi vitatu, au mtoto wa kambo. Mlango ulikuwa wazi tangu 1992, na watoto zaidi ya 160,000 walipita hapo, karibu nusu yao wakaenda Marekani. Kwa hiyo siandiki ili mtu aanze kukusanya nyaraka kesho. Naandika kwa sababu wapo humu waliooana na Wachina, na kwao ule upenyo mdogo bado upo. Wapo wanaoasili kutoka nchi nyingine, ambao safari yao itafanana na yetu. Na wapo waliotangulia kama sisi, ambao sasa wanataka mtoto akaone alikozaliwa.

Nina neno moja, na kila nitakachoandika kinatoka humo: zile wiki mbili za China si utalii wala sherehe. Mtoto yuko msibani, na wewe ni mgeni aliyeingia matangani bila kumjua marehemu. Hoteli, chakula, treni, picha, simu za kwa ndugu, vyote vipange kwa kulifuata hilo.

Mimi na mume wangu ni watu wa Arusha, tunaishi Marekani na tumeshapata uraia wa huku. Tulimfuata binti yetu mwaka 2016, mwezi wa saba, katika jimbo la Guangxi, kusini kabisa, jirani na Vietnam. Alikuwa ametimiza miaka miwili na kidogo. Alizaliwa na mdomo sungura, mdomo ulikuwa umeshashonwa lakini kaakaa bado. Msishangae hilo: kufikia miaka hiyo wengi wa watoto waliokuwa wakitoka China walikuwa na tatizo fulani la kiafya, moyo, kiungo, macho. Ile picha ya vichanga wa kike wazima ni ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Mwaka 2005, ulipokuwa upeo, Marekani peke yake ilipokea karibu watoto 8,000 kutoka huko.

Ratiba ya familia zilizokuwa zinakwenda Marekani ilikuwa karibu moja kwa wote. Unafikia kwanza makao makuu ya jimbo, kwetu ni Nanning. Mara nyingi Jumatatu mnaitwa ofisi ya serikali inayoshughulikia uasili, walezi wanamleta mtoto kutoka kituo cha kulelea watoto. Unapewa saa 24 za kukaa naye kabla ya kusaini moja kwa moja. Kesho yake mnarudi kwa cheti, mnakwenda kwa mthibitishaji wa hati, kisha mnasubiri pasipoti yake ya Kichina, ambayo ilichukua kama wiki. Baada ya hapo ni mji wa Guangzhou, kwa vipimo vya afya na viza kwenye ubalozi mdogo wa Marekani, maana viza zote za watoto wa kuasili zilitolewa huko.

Ulizeni.

Binti Pangani

Hongera sana dada. Mimi nina swali la ile saa ya kwanza. Alilia? Mlifanya nini?

Mama Duluti

Asante mdogo wangu. Wetu hakulia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alikuwa kimya, mwili umelegea, macho hayatui mahali. Chumba kile kilikuwa na familia nyingine kadhaa na kila mtoto alikuwa na lake: mmoja anapiga kelele hadi anatapika, mwingine kalala palepale mikononi mwa mtu asiyemjua. Wazazi wengi wakiona mtoto katulia hufurahi, husema kanikubali. Nawaomba msisome hivyo. Mtoto wa miaka miwili aliyeondolewa kwa mlezi wake, chumba chake, harufu yake na lugha yake ndani ya dakika kumi, akinyamaza, amezidiwa.

Tulichofanya ni kidogo. Hatukumvua nguo alizokuja nazo. Rafiki aliyetangulia alitushauri hivyo, na ni ushauri bora niliopata safari nzima. Zile nguo zina harufu ya kwao. Alilala nazo, na kiatu kimoja alikishika mkononi. Kuoga tuliahirisha. Watoto wengi wa vituoni hawajawahi kuliona beseni kubwa la hotelini lililojaa maji, wanaliogopa kweli. Kitambaa cha uvuguvugu kinatosha kwa siku za mwanzo.

Kabla walezi hawajaondoka, muulize yule aliyemlea hasa, si mkubwa wa kituo. Muulize kupitia mkalimani, na mume au mke aandike: analala saa ngapi, analala na nani, taa ikiwa imewaka au imezimwa, maziwa yanakorogwaje, anaogopa nini, anaitwaje kwa mapenzi, rafiki yake ni nani. Mna dakika chache na hamtapata nafasi nyingine. Sisi tuliuliza kuhusu rafiki. Tukapata jina na picha ya mvulana aliyelala kitanda cha jirani, na picha hiyo mpaka leo iko kwenye albamu yake.

Muuguzi wa Pwani

Mleta uzi, mimi ni muuguzi wa watoto, nipo Mombasa. Naomba uelezee kulisha, hasa ikiwa kaakaa halijafungwa.

Mama Duluti

Hapo ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu kulisha ndiko kulikotuunganisha.

Chupa aliyokuja nayo ilikuwa na chuchu iliyokatwa tundu kubwa. Ndani ni maziwa ya kopo yaliyochanganywa na unga wa mchele, mazito, yenye sukari, na ya moto kuliko ambavyo mimi ningethubutu kumpa mtoto. Alikuwa anamaliza chupa nzima kwa muda mfupi sana, kwa sababu kwenye chumba cha watoto wengi anayechelewa chupa yake huchukuliwa. Usimbadilishie siku ya kwanza. Nunua maziwa ya aina ileile, changanya vilevile, halafu upunguze moto na uzito polepole ukishafika nyumbani. Wazazi wanaobeba maziwa ya kwao kutoka Marekani wanajikuta na mtoto asiyekula na, juu ya hayo, tumbo lililovurugika.

Kwa kaakaa lililo wazi, maziwa hutokea puani. Mkalishe wima, usimlaze, na mpe pumziko. Muuguzi atanirekebisha nikikosea.

Wenyeji hawampi mtoto maji baridi. Maji ni ya moto au ya uvuguvugu, hotelini kuna birika, na kwenye vituo vya treni na ndani ya mabehewa kuna bomba la maji yaliyochemka. Nilibeba themosi kila mahali. Binti yangu alikataa kabisa maji ya baridi ya chupa, na joto la Nanning mwezi wa saba ni kama la Dar mwezi wa pili, kwa hiyo maji ya moto ndiyo yaliyomwokoa.

Chakula kingine: uji mweupe wa mchele. Hotelini asubuhi upo daima, mlaini, unaweza kuongeza yai. Mayai ya mvuke, ndizi, mikate laini ya mvuke. Alikula kwa kujaza mashavu na kulala na chakula mdomoni. Chunguza mdomo kabla hajalala, asije akapaliwa. Usimnyang'anye. Sisi tulimwachia kipande cha mkate mkononi muda wote ili ajue kwamba chakula hakiishi, na baada ya muda akaanza kukiweka chini mwenyewe.

Na hili ni la lazima: katika majuma yale alishwe na mama na baba tu. Wahudumu wa hoteli ni wema, watataka kumpakata, kumpa peremende. Kataa kwa heshima. Mtoto aliyelelewa kwa zamu hajui bado kwamba kuna watu wawili ambao hawabadilishani zamu na mtu.

Muuguzi wa Pwani

Uko sawa kabisa dada, kumkalisha wima ndiyo msingi. Niongeze: bebeni chumvi za kutibu kuharisha (ORS), dawa ya homa na kipimajoto. Mkiona vipele vinavyowasha katikati ya vidole na kwenye nyayo, fikirieni upele, unaambukiza haraka mahali wanapolala watoto wengi. Muone daktari, na ninyi wazazi mtibiwe pamoja naye.

Kaka wa Xiaobei

Salaam wote. Mimi ni mfanyabiashara, naishi Guangzhou, eneo la Xiaobei ambako Waafrika wengi tupo. Zamani nilikuwa naziona hizi familia kisiwa cha Shamian, pale hoteli ya White Swan. Asubuhi unakuta vigari vya watoto vimejaa kwenye ukumbi, kila mtoto wa Kichina na wazazi Wazungu. Maduka ya pale yalikuwa yanauza nguo za watoto na kuazimisha vigari. Weusi kama ninyi niliwaona kwa nadra. Watu waliwachukuliaje?

Mama Duluti

Kaka, asante kwa swali hilo. Walitutazama. Nanning zaidi kuliko Guangzhou, maana huko kwenu wamewazoea wageni weusi. Tukitoka, watu wanakusanyika, wanapiga picha, wanamuuliza mtoto maswali kwa Kichina na yeye anaficha uso. Nia ya wengi haikuwa mbaya, lakini mtoto aliye msibani hahitaji umati. Mkalimani wetu alituandikia kikaratasi kwa Kichina: sisi ni wazazi wake kisheria, amechoka, tunaomba nafasi. Tulikuwa tunakionyesha, watu wanasoma, wanaitikia kwa kichwa, wengine wanatuonyesha dole gumba na kuondoka. Cheti cha kuasili hakikutoka kwenye pochi ya kiunoni ya mume wangu hata usiku mmoja. Kama hamfanani na mtoto, tembeeni nacho.

Bibi wa pale ni hodari wa kukemea. Ukimbeba mtoto tumbo likiwa wazi, hata kwenye joto lile, atakuja mwenyewe kuvuta fulana ishuke. Nilijifunza kusema asante na kuvuta fulana.

Na kuna jambo lililonigusa sana. Nilibeba khanga mbili kwa ajili ya mbeleko. Siku ya tatu au ya nne hivi nilimfunga mgongoni tukatoka kutembea chini ya miembe, kwa sababu Nanning barabara nyingi zimepandwa miembe. Mama mmoja mzee akanisimamisha, nikadhani ni kemeo jingine. Akaenda kwake ghorofani, akarudi na mbeleko ya kwao ya kitambaa kilichotariziwa, yenye mikanda mirefu minne ya kufunga kifuani na kiunoni. Huko Guangxi na majimbo ya jirani wamebeba watoto mgongoni hivyo tangu zamani. Alinionyesha jinsi ya kuifunga, binti yangu mgongoni akalala palepale. Nadhani mwili wake ulikuwa unaujua mgongo. Tangu siku hiyo kigari tulikiacha hotelini, na ningekuwa na neno moja tu la kumpa mama wa Kiswahili anayekwenda safari hiyo, ni hilo: mbebe. Mtoto aliyebebwa anasikia moyo wako na haoni umati.

Mzee wa Mtaa

Mimi nasema wazi. Mwaka 2005 kule jimbo la Hunan walikamatwa watu waliokuwa wakiuza watoto kwa vituo, na vituo vinawatoa kwa wageni, watu wakafungwa 2006. Mna uhakika gani kwamba mtoto wenu aliachwa, hakuibwa?

Mama Duluti

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki na sitalikwepa. Kesi ya Hunan ni kweli, ilifika mahakamani. Na sababu za watoto kuachwa zilikuwa na mkono wa sera: mtoto mmoja kwa familia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi ilipoondolewa rasmi mwanzoni mwa 2016. Faini, hofu, kutaka mtoto wa kiume, na kwa watoto kama wangu, gharama ya upasuaji ambayo mkulima hana.

Uhakika wa asilimia mia sina. Nilicho nacho ni karatasi. Kabla mtoto hajaandikishwa kuasiliwa, serikali ya jimbo ililazimika kutoa tangazo gazetini la kutafuta wazazi wake na kusubiri siku 60. Tuliomba nakala ya gazeti lenyewe, si fotokopi. Lina picha yake akiwa mchanga, mahali alipookotwa na alichokuwa amevaa. Nawasihi wote: ombeni kila karatasi mkiwa huko huko, kwa heshima na bila kuchoka. Ripoti ya polisi ya kuokotwa, rekodi ya chanjo, picha za kituoni, ujumbe kama aliachwa na ujumbe. Atakapokuwa na miaka kumi na minne akikuuliza swali hilohilo alilouliza mzee, atahitaji kushika kitu mkononi. Binti yetu akitaka kupima vinasaba kutafuta ndugu, tutamsaidia, na tumeshamwambia hivyo.

Kuhusu kwenda kukitembelea kituo katika safari ileile, wenzangu wengi walikwenda. Mimi nasema hapana kwa mtoto wa umri huo. Mlangoni pale hawezi kujua kama umemleta kusalimia au umemrudisha. Mzazi mmoja aende na kamera, mwingine abaki naye hotelini.

Abuu Nasra (Muscat)

Assalaam alaykum. Sisi Waislamu tunalea yatima bila kumwondolea nasaba yake, hilo nalijua na sitaki tubishane. Ninachouliza ni safari: chakula halali na treni na mtoto mdogo.

Kaka wa Xiaobei

Waalaykum salaam. Chakula halali China si shida. Tafuta migahawa ya tambi za Lanzhou, iko karibu kila mji, wenyewe ni Waislamu, maandishi ya kijani mlangoni. Xiaobei yenyewe ina vyakula halali vingi. Treni za kasi kutoka Nanning hadi Guangzhou ni saa tatu hadi nne hivi, njia ilifunguliwa mwishoni mwa 2014. Tangu 2023 nauli ya mtoto inahesabiwa kwa umri, si kimo kama zamani: chini ya miaka sita anakaa bure kwenye kiti cha mzazi, mmoja kwa kila mtu mzima. Lakini muandikishe unapokata tiketi, na pasipoti yake iwe mkononi. Mkifika muda wa watu wengi kusafiri, mnunulieni kiti chake. Taksi hazina viti vya watoto, jueni hilo. Malipo siku hizi ni kwa simu, unganisha kadi yako na programu ya Alipay au WeChat kabla hujapanda ndege. WhatsApp na Google hazifunguki kwa mtandao wa kawaida wa huku, waambieni ndugu mapema wasije wakadhani mmepotea.

Mama Duluti

Asante kaka, hayo ya siku hizi ulikuwa unayajua wewe. Nami niongeze la Guangzhou, kwa walio na mtoto wa miaka miwili au zaidi anayekwenda Marekani: kipimo cha kifua kikuu ni lazima. Kikiwa ni kile cha kuchoma ngozi, kinasomwa baada ya saa 48 hadi 72, kwa hiyo familia nyingi zilichomwa Alhamisi zikasomewa Jumamosi. Watoto wengi wamechanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, na mkono unaweza kuvimba, basi mnaongezewa picha ya kifua. Siku hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Walimchukua ndani bila mimi, na aliponiona tena ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, kilio kirefu, mikono imenishika shingo. Mume wangu naye akalia. Simu zilikuwa zinaita kutoka Arusha, mama mkwe anataka kumwona mjukuu kwa video, hatukupokea. Mama mkwe alielewa. Alisema, mwacheni mtoto alie, nitamwona akifika.

Maneno machache ya Kichina jifunzeni kwa ajili yake, si kwa ajili ya sokoni: bu pa (usiogope), teng (inauma), hai yao (nataka tena). Alipogundua kwamba akisema hai yao kijiko kinarudi, uso wake ulifunguka.

Binti Pangani

Dada, na sasa mkitaka kumrudisha akaone kwao? Anahitaji viza?

Mama Duluti

Anahitaji. Mtoto aliyeingia Marekani kwa viza ya IH-3 au IR-3 (za watoto ambao uasili wao ulikamilika nje ya Marekani) kabla ya miaka 18 anakuwa raia mara anapoingia kuishi na wazazi, kwa sheria ya mwaka 2000. China kwa upande wake haitambui uraia wa nchi mbili, sheria yao ya uraia ya 1980 inasema hivyo. Kwa hiyo ataingia kama mgeni kwa pasipoti ya Marekani. Kwenye maombi ya kwanza ya viza wataulizia ile pasipoti yake ya zamani ya Kichina, hata kama imeisha muda, pamoja na cheti cha kuasili. Msiitupe. Iwekeni na lile gazeti, na muombe viza miezi kadhaa kabla ya safari, kwa sababu jina lililobadilika kati ya pasipoti mbili huleta maswali na mtahitaji muda wa kupeleka hati ya mahakama inayoonyesha jina jipya.